Mlango wa Juu kwa Bi Mwanamkisi

Kabla programu haijafika ofisini, Saadiya alikagua mikataba kwa penseli za rangi. Kila neno lililopewa maana katika kifungu cha kwanza lilikuwa na rangi yake, naye alilifuata ukurasa baada ya ukurasa kuhakikisha halibadiliki njiani. Wakili Nkatha, mwajiri wake, alizoea kumtania: "Bi Saadiya, huu ni mkataba ama ni leso?"

Siku hizi kazi hiyo ilifanywa na akili mnemba. Saadiya hakuionea wivu. Aliipenda kwa sababu haikuchoka, na kwa sababu iliuliza maswali.

Asubuhi ile iliuliza swali moja. Bwana Kamaludin, mteja wao, alikuwa akiikodisha nyumba ya mawe ya babu yake, kwa miaka thelathini, kwa kampuni ya Nairobi iliyotaka kulaza wageni. Mkataba ulisema "Nyumba" ni vyumba vyote vinavyofikika kutoka mlango mkuu bila kurudi barabarani, na kwamba Nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu. Jedwali la mwisho lilitaja vyumba vinane. Programu ikaandika: "Je, kuna chumba kingine kinachofikika hivyo, ambacho hakimo katika jedwali? Kama kipo, ufafanuzi huu unakijumuisha."

Saadiya aliijua nyumba hiyo tangu utoto. Akaandika: "Hapana."

"Kwa kutegemea jibu lako," ikajibu, "neno hili halina mgongano."

Mkutano wa kutia saini ulifanyika humo humo, katika ukumbi wa chini. Hillary, wakili wa kampuni, alikuwa na ndege ya kuwahi kiwanjani Manda, ng'ambo ya maji, na boti ilikuwa imeshafungwa gatini ikimngoja.

"Tusikawie, Bwana Kamaludin," alisema. "Rubani hajui salamu ndefu za Kiamu."

Kamaludin alicheka, akachukua kalamu. Wakati huo sinia la kahawa likatua kwenye kidato cha mwisho cha ngazi. Mkono wenye hina ulilisukuma mbele, kisha ukatoweka.

"Shangazi huyo," Kamaludin alisema. "Bi Mwanamkisi hawezi kusikia wageni wamekuja, akatulia."

Saadiya alikuwa ameketi kando ya mlango wa mbele. Mlango haukufunguliwa. Juu ya dari alisikia nyayo zikienda hadi ukutani, na zilipofika ukutani hazikusimama.

Bi Mwanamkisi aliishi nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro. Juu ya kichochoro kulikuwa na wikio, chumba kilichojengwa kupita hewani na kuziunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Saadiya mwenyewe, alipokuwa msichana, alipitisha humo sahani za futari. Lakini mlango wa wikio haukutajwa mbele ya wanaume wa kando. Ulikuwepo kwa miguu, haukuwepo kwa mdomo. Ndiyo maana, alipoulizwa, alijibu hapana bila hata kufikiri. Na nyumba zote mbili zilikuwa katika hati moja ya umiliki, yenye jina la Kamaludin.

"Bwana Kamaludin, usitie saini."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Kuna nini?" Nkatha aliuliza.

"Kuna mlango yuu." Saadiya alionyesha dari.

"Saadiya!" Kamaludin aliwaka uso. "Ndia ya wanawake haitajwi mbele ya wageni."

"Ukinyamaza, wageni wataipita. Mkataba unasema kila chumba kinachofikika bila kurudi barabarani. Bi Mwanamkisi ameleta kahawa bila kurudi barabarani. Nyumba yake imo, na inatakiwa iwe tupu."

Nkatha alimgeukia. "Na programu haikuliona hili?"

"Iliniuliza. Mimi ndiye niliyeijibu vibaya."

Hillary alifunua mkataba, akasoma kifungu cha kwanza polepole. "Maneno haya huwa tunayatumia kwa apatimenti," alisema. "Sikukusudia ubaya. Lakini niwe mkweli: wakubwa wangu wana picha iliyopigwa kutoka juu. Wanaona mapaa mawili yaliyoshikana na wanaamini yote ni yao. Nikiwaambia ni moja, huenda wakaachana nasi."

Hakuna aliyegusa kahawa. Kamaludin alitazama ngazi. Uamuzi haukuwa wa Saadiya. Si yeye aliyeshika kalamu.

"Mama yangu alipofariki," Kamaludin alisema mwishowe, "aliyemwosha ni shangazi huyu. Waambie paa ni moja."

Hillary alitoka kupiga simu. Sauti yake ilipanda na kushuka kichochoroni, chini ya wikio lenyewe. Aliporudi alikuwa ameivua tai.

"Wamekubali. Ila njia hiyo izibwe kwa mawe kabla ya kukabidhiwa funguo."

Saadiya aliandika upya ufafanuzi: vyumba vinane vya jedwali tu, na mlango wa juu ndio mpaka. Akaikabidhi programu kazi ile. Ikajibu kwamba sasa neno na jedwali vinaafikiana, ila mkataba haukusema ni nani atakayejenga ukuta.

Akalisoma jambo hilo kwa sauti.

"Mimi," alisema Kamaludin.

Saini zilipokwisha, Saadiya alipanda ngazi, akapita wikioni, akamkuta Bi Mwanamkisi ameketi kitandani kando ya mlango wa juu, akisubiri.

"Tangawizi ilizidi kahawani?" aliuliza Bi Mwanamkisi.

"Hatukuinywa, Bi." Akamweleza yote, hata lile jibu lake la asubuhi.

Bi Mwanamkisi aliusikiliza mkasa hadi mwisho, kiganja chake kikiwa juu ya ubao wa mlango.

"Ulijibu kama mamako alivyokufunda," alisema. "Nyumba nimebaki nayo?"

"Umebaki nayo."

"Basi ndoo huku, uteremkie kwangu, nianze kuzoea." Alimtangulia hadi mlango wake wa barabarani, akaufungua mwenyewe, jua likaingia. "Na sinia langu, mwanangu, lizungushe barabarani. Ulilete kwa mlango huu."