Suruali ya Dereva wa Lori

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo zake huoni zilipoanzia wala zilipoishia. Ungempelekea gauni lililochanwa na msumari, siku ya kulichukua unabaki kuligeuzageuza tu, hujui palichanika wapi. Sifa hiyo ilimfurahisha miaka yote, na ndiyo iliyokuja kumtia aibu.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa na kitambi cha kushinda kwenye usukani, na sukari ikaanza kumpanda. Kaka yake alishakatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, kwa hiyo nyumba nzima iliingiwa na hofu. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja mwenye subira, aliwakalisha wote wawili akawaeleza: mwili unachoma chakula ili ufanye kazi, na nguvu iliyomo kwenye chakula inapimwa kwa kalori. Ukila pungufu ya unachochoma, mwili unachota kwenye mafuta uliyojiwekea. "Pungufu kidogo tu, lakini kila siku," alisema. "Usijiue kwa njaa. Ila ukizidisha leo, kazi ya jana umeifuta."

Dereva akajitahidi, masikini. Sahani akaipunguza, soda akaiacha, jioni akawa anatembea mpaka sokoni na kurudi. Baada ya wiki kadhaa akajaribu suruali yake ya kutokea. Kifungo kikagoma palepale kilipogomea mwanzo. Akakaa kitandani, mtu mzima yule, machozi yakimlengalenga.

Mama Pindo roho ikamuuma. Mume alipokwenda kuoga, akafumua mshono wa nyuma, akaachia upana wa kidole kwenye kile kitambaa cha ziada ambacho kila fundi hukibakiza ndani, akashona. "Ijaribu tena, bwana, labda hukuivuta vizuri." Kikafunga. Jamani, dereva alicheza chumbani bila muziki.

Kosa dogo, utasema. Haya, sikiliza. Jioni ile ile alisogeza sahani aongezwe. "Nimeshapungua, mke wangu, nipumzishe kidogo." Amkatalie kwa lipi? Mdomo alishaufunga kwa mikono yake mwenyewe. Kesho yake soda ikarudi. Suruali ikibana, mke anaiachia; suruali ikilegea, mume anaongeza. Kila akimpakulia alijiona muuaji, na bado alimpakulia.

Siku ya kurudi zahanati, mzani ulionyesha amezidi kuliko alivyoanza. Dereva akacheka.

"Dada, mzani wako mbovu. Suruali ni ile ile." Akapenyeza dole gumba kiunoni ili aonwe.

Muuguzi akamtazama kwa huruma, ile wanayotazamwa nayo waongo. "Baba, unakula kwa siri?"

"Muulize mke wangu."

"Hali kwa siri," alisema Mama Pindo, macho sakafuni. Neno lilikuwa la kweli, na hajawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Sukari ilipopimwa ilikuwa juu. Daktari akamwandikia sindano za kila siku.

Walipofika nyumbani Mama Pindo alishindwa hata kuvua viatu. Akamweleza yote, toka mshono wa kwanza mpaka kitambaa cha ndani kilipokwisha. Hakujitetea, isipokuwa kusema alimwonea huruma. Dereva hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Nimembishia yule dada mbele ya watu," alisema. "Na wewe umekaa pembeni unanisikiliza."

"Nisamehe, baba watoto."

"Nitakusamehe. Ila sijui lini."

Akavua shati, akachukua tepu ya kupimia juu ya cherehani, akaizungusha tumboni. Kwa nyuma mikono haikufika vizuri, tepu ikamteleza mgongoni. Mama Pindo akanyoosha mkono amshikie, kama anavyowashikia wateja wote.

"Acha," alisema. "Nitajipima mwenyewe."