Kengele ya Kiti cha Mama Queen

Miezi mitatu baada ya kumzika mke wangu, gari langu lilianza kumdai afunge mkanda.

Sitanii. Ilikuwa asubuhi, nimemshusha binti yangu Queen shuleni hapa Masasi, naelekea Newala na katoni za dawa ya mikorosho. Niko peke yangu. Natoka tu nje ya mji, spidi ikapanda, kengele ikaanza. Ting, ting, ting. Kwenye dashibodi ikawaka ile picha nyekundu ya mtu na mkanda, upande wa abiria.

Kengele hiyo ilikuwa haijalia kwa miaka miwili.

Mwingine angesimamisha gari akaanza kusali. Mimi niliendelea kuendesha. Tangu msiba nilikuwa hivyo. Mtu akinipa pole namwambia asante kama vile amenirudishia chenji.

Ngoja niwaeleze gari lenyewe kwanza, maana bila hivyo hamtanielewa.

Jina la kampuni silitaji. Sisi wenye nalo huku kusini tunaliita Kobe. Tuna grupu letu la WhatsApp, tupo sitini na kitu, na kazi yetu ni kulisema vibaya gari ambalo hakuna hata mmoja anayekubali kuliuza. Kobe anapita popote, iwe tope, mchanga au mawe. Ila aliyemchora sijui alikuwa anawaza nini.

Mlango wa nyuma unafungukia upande kama wa kabati, na tairi la spea limening'inia hapo hapo. Ukiegesha umempa ukuta mgongo, mzigo hautoki. Swichi za vioo ziko katikati karibu na gia, kwa hiyo mgeni atapapasa mlangoni mpaka mnafika. Handibreki ni ya kukanyaga na mguu, na kwenye mteremko wa maana ni pambo tu.

Halafu kengele. Weka hata mfuko wa mchele kwenye kiti cha mbele, inataka mchele ufunge mkanda.

Hiyo handibreki ndiyo iliyonipa gogo. Ni gogo la mkorosho, kilo kama sita, limechongwa upande mmoja. Mimi na mke wangu Isabela tulikuwa tunasambaza dawa vijijini, na ukishaanza kuupanda mlima wa Newala, wateja wako kila mahali palipoinama. Tukisimama, mimi nakanyaga breki. Isabela anaruka chini na gogo, analisukumiza nyuma ya tairi, anapiga bodi mara mbili. Hapo ndipo natoa mguu. Tulifanya hivyo miaka sita, tukafika mahali hatuhitaji hata kuongea.

Sasa mtu wa kuruka namna hiyo hafungi mkanda. Na asipofunga, kengele haimwachi mtu.

Nikaenda gereji kwa Fikirini, fundi wangu, nikakata ulimi wa mkanda kwenye gari bovu. Ule ulimi wa chuma tu, bila mkanda. Nikauchomeka kwenye kiti cha Isabela, kengele ikanyamaza. Nikapiga picha nikatupia kwenye grupu: "Dawa ya kengele ya Kobe hii hapa, bure."

Aisee, dole gumba zilimiminika. Admini akaibandika juu kabisa. Nikajiona injinia.

Isabela alicheka. Akasema nimemziba mdomo mtu pekee aliyekuwa anamjali humo ndani.

Mwezi wa pili mwaka huu tulikuwa tunateremka na mvua. Spidi haikufika hamsini. Kwenye kona gari likaserereka, likaingia mtaroni, mlango wa Isabela ukafunguka, na gari likalala upande huo. Alikuwa amekaa na gogo mapajani, kwa sababu duka la mteja lilikuwa pale mbele tu. Mimi nilichubuka kiwiko.

Sitasema zaidi ya hapo.

Hospitalini trafiki aliniuliza kama marehemu alikuwa amefunga mkanda. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu, ameletwa na pikipiki kutoka Chiwata, kanga imemdondoka begani na hajui.

Nikasema, "Alifunga. Mkanda ulichomoka."

Sikupanga kusema hivyo. Ila nilipokwisha kusema, mama mkwe akanishika mkono, na mimi nikauacha uongo ukae.

Uongo huo haukukaa, ulitembea. Kwenye grupu watu walitoa pole wiki nzima, halafu wakaanza maoni yao. Kwamba mikanda ya Kobe ni maonyesho. Kwamba waliotengeneza wanajua na wamenyamaza. Mmoja akasema na wa kwake aliuvuta ukalegea. Mimi nasoma tu. Najibu "asanteni ndugu".

Na ile posti yangu bado ipo juu kabisa, kila wiki mgeni anaingia grupu ananishukuru.

Tuna mwenzetu anaitwa Mwalimu Stamili, yuko Mnyambe, kila asubuhi anabeba wanawe wawili na watoto wa jirani. Siku moja akaandika hivi: "Baba Queen, mimi na wanangu tangu msiba wako hatufungi tena. Kama mkanda wenyewe unachomoka, bora mtu akae huru."

Niliisoma nikiwa nakula. Nikaweka simu chini, nikamaliza ugali.

Nawaambia ukweli, sikusikia kitu. Hilo ndilo linalonitisha leo.

Turudi kwenye ile asubuhi. Kengele ililia kutoka Masasi mpaka nilipoona njia ya kugeuzia, nikarudi kwa Fikirini. Nikamwambia gari lina matatizo, linamwita mtu ambaye hayupo.

Fikirini akachungulia ndani. Akanyoosha kidole kwenye kiti. Gogo lilikuwa pale. Siku hizi sina wa kulibeba, kwa hiyo Queen akishashuka shuleni nalitoa chini nalilaza kwenye kiti chake, niwe nalinyakua haraka.

"Gari lina akili zake timamu," akasema. "Kuna kilo sita zimekaa, mkanda haujafungwa. Ule ulimi wako umeupeleka wapi?"

Nikapapasa. Haukuwepo.

Nikamwambia nilidhani uling'oka siku ya ajali. Akanitazama kidogo, akafuta mikono kwa tambara.

"Baba Queen, mlango huo nimeutengeneza mimi. Ulimi ulikuwa umechomekwa vile vile. Niliuona, nikanyamaza, si jambo langu."

Nilikaa kwenye tairi pale gereji. Kumbe tulikuwa wawili tunaojua.

Newala sikwenda. Jioni Queen aliporudi nikamkuta jikoni anachambua kisamvu. Ana miaka kumi na sita, ana mikono ya mama yake. Nikamuuliza kama ndiye aliyetoa kile chuma kwenye gari.

"Ndiyo, baba. Leo wakati unaongea na mlinzi pale getini. Nimekitupa chooni shule."

Nikamuuliza kwa nini. Hakuinua kichwa.

"Siku ya kwanza nilipokaa mbele, gari lilipotoka gereji, nilitaka kufunga mkanda, nikakuta pamezibwa. Nikajua mama hakufunga."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nikasema nisubiri, baba ataniambia nifunge. Wiki tatu nimekaa pale bila mkanda, pembeni yako. Hukusema. Nikaona basi, acha gari liniambie."

Akaendelea kuchambua kisamvu.

Jamani, msiba wangu ulianza hapo. Miezi mitatu nilikuwa nimeganda, nikaanza kulia jikoni kwangu kama mtu aliyepigiwa simu dakika ile. Kila asubuhi nilikuwa namwendesha mwanangu kwenye kiti kile kile, na mdomo ninao.

Jioni hiyo hiyo nikarekodi sauti kwenye grupu, dakika mbili. Nikasema mke wangu hakufunga. Nikasema mkanda wa Kobe haujawahi kuchomoka, niliuzuia mimi, na picha ya nilivyouzuia mnayo hapo juu. Nikamwomba admini aitoe.

Watu waliniandama, tena vizuri tu. Wawili walijitoa grupu. Kesho yake saa moja asubuhi Mwalimu Stamili alituma picha ya kiti cha nyuma, watoto wanne wamebanana, mikanda mitatu imepita vifuani, wa nne amesogezwa pembeni anasubiri kushushwa. Chini akaandika, "Huyu wa nne atapanda na baba yake."

Trafiki nilimfuata, maelezo yakaandikwa upya.

Jumapili tulikwenda Chiwata. Mama mkwe alikuwa ametoka kanisani, hajabadilisha nguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikapiga magoti nikamweleza yote, Queen kasimama nyuma yangu. Kuku waliingia mpaka ndani na hakuna aliyewafukuza.

Kisha akauliza, "Na huyu, anafunga?"

"Anafunga, mama."

"Haya."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Alitufungia korosho kwenye kitambaa, akampa Queen, akatusindikiza mpaka garini. Alisimama pale dirishani hadi aliposikia mkanda umebana, ndipo akarudi ndani.

Funzo ninalo moja, na mnaweza kunisema mtakavyo. Kabla hujakinyamazisha kinachokukera kwenye gari lako, jiulize kwanza kinamsemea nani. Na ukiwa na mtu kiti cha pembeni, mwambie mwenyewe afunge, usimwachie gari.

Siku hizi nikiwa peke yangu nalifunga gogo mkanda. Nikisahau, kengele inanikumbusha.