Injini ya Ephantus Mburu na Ekari Zake Mbili

Husemwa huko Kimumu, na hata kwenye harusi ambako watu wangefaa kula na kunyamaza, kwamba marehemu Ephantus Mburu aliiba trekta ya kampuni, kisha akaitumia kung'oa vigingi vya mipaka ili ajiongezee ardhi. Trekta hakuiba. Injini aliipata kwa kura, mbele ya mashahidi kumi na wanane, na kile kikaratasi cha kura kingali ndani ya Biblia yake. Ama vigingi, ni kweli viling'oka, lakini waliokuwa wakishangilia siku hiyo ndio hao hao wanaomsema leo. Yafaa yaandikwe yalivyokuwa.

Mwaka wa 1967 watu kumi na tisa waliounda kampuni na kuchanga kwa miaka minne walinunua shamba la mzungu mmoja upande wa Moiben, aliyekuwa akirudi kwao. Mburu alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani wa stoo, mtu wa mwandiko mzuri na kola safi, na hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Waligawana ardhi kwa kura, kila mtu ekari nane. Wakagawana ng'ombe, mabati ya zizi, hata viti vya mzungu. Mwishowe ikabaki trekta moja ndogo ya dizeli, kuukuu, imesimama uani kama mgeni asiyejua wenyeji wanasubiri aondoke.

"Tuliapa kila kitu kitagawanywa sawa," alisema Waweru, mwenyekiti wa kampuni. "Ama trekta si kitu?"

Kipkorir, jirani aliyeiendesha trekta hiyo kwa mzungu miaka tisa, alicheka akidhani ni mzaha. "Mzee, hii si ng'ombe wa kuchinjwa."

"Wewe Kipkorir una hisa ngapi hapa?"

"Sina."

"Basi kaa pembeni. Ila usiende mbali, wewe ndiye utakayeifungua."

Kipkorir aliifungua kwa siku mbili, kimyakimya, kama mtu anayeosha maiti. Vipande vikapangwa mafungu kumi na tisa juu ya nyasi, na vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia. Mama Muthoni, mjane aliyelipa hisa zake kwa kuuza maziwa, akapata kijiti cha gia. Njogu, ambaye chombo pekee alichowahi kuendesha ni baiskeli, akapata usukani. Magurudumu mawili ya nyuma yaliwaangukia ndugu wawili wasiosalimiana. Waweru mwenyewe, aliyekuwa akikitazama kiti tangu asubuhi, akapata pedali za klachi na breki pamoja na waya wa kuzimia injini, akanuna.

Mburu akapata injini.

Hapo kamati ya kampuni ikanong'ona, na Waweru akatangaza kwamba, kwa kuwa injini ni kubwa kuliko mafungu yote, haki inadai ihesabiwe kuwa ekari mbili. Mburu angechukua injini na ekari sita. Zile ekari mbili zingekaa mikononi mwa kamati, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeieleza, zilipakana na shamba la Waweru.

Mkewe, Waithira, mwalimu aliyekwisha kufundisha darasa la sita wakati wanawake wengi wa rika lake hawajui kutia sahihi, alimpokea langoni.

"Baba Mwihaki, nimesikia. Ekari zetu mbili ziko wapi?"

"Ziko kwenye mkokoteni," alijibu Mburu, akaelekeza nyuma yake.

Tangu siku hiyo Mburu hakupita dukani bila kuulizwa kama ekari zake zimeota, au kama ameshazinyunyizia mbolea. Kwa mtu aliyezoea kuitwa Bwana Karani, hilo lilikuwa gumu. Alisimama kwenye mkutano wa kampuni akaomba injini irudishwe na apewe ardhi yake. Waweru alimjibu mbele ya wote, "Injini ndiyo ardhi yako. Ilime."

Mburu alirudi nyumbani akavua koti, akakunja mikono ya shati.

Aliilaza injini barazani juu ya magogo manne ya mkaratusi. Ilikuwa imekwama. Mvua ilikuwa imeingia ndani, pistoni zikashikana na kutu. Alimimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki ndani ya silinda zote tatu, na kila asubuhi kabla ya chai alitia mti kwenye gurudumu la injini akasukuma. Haikutikisika. Alifanya hivyo wiki tano. Jumapili moja, tayari amevaa suti, aliisukuma kwa mazoea tu, ikasogea upana wa kidole. Siku hiyo mzee wa kanisa Ephantus Mburu alichelewa ibada kwa mara ya kwanza, naye alisali akiwa na grisi kwenye tai.

Baada ya hapo nyumba haikuwa nyumba. Vali zilichemshwa kwa majivu ndani ya sufuria ya Krismasi. Nozeli zilikaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, kwa sababu alisema hazitaki vumbi. Chuo cha kujifunzia hakikuwapo. Alikuwa na kitabu cha mzungu kilichokosa kurasa za mwanzo, na Waithira alimsomea Kiingereza chake kila alasiri akisahihisha madaftari. Kila mwisho wa mwezi Mburu alishuka mjini Eldoret, kwenye duka la vipuri la Hussein, mfanyabiashara aliyekuwa pia na malori ya kwenda Lodwar.

"Mzee Mburu, ringi hizi ni za trekta gani?"

"Yangu."

"Iko wapi nije niione?"

"Imetawanyika."

Hussein akafunga ringi kwenye gazeti bila kuuliza tena. Baadaye alisema alidhani ni mambo ya familia.

Mwezi wa Januari 1969 Mburu aliunganisha kila kitu, akatoa hewa kwenye paipu ya dizeli, akatia hendeli, akazungusha. Injini ilikohoa mara mbili ikanguruma. Moshi ukaingia sebuleni, kuku wakapanda juu ya paa, na picha ya harusi ikaanguka ukutani.

"Izime!" Waithira alipiga kelele.

Waya wa kuzimia ulikuwa kwa Waweru. Mburu aliinama, akabonyeza kiwiko kidogo cha chuma kwenye pampu ya dizeli kwa kidole gumba, na injini ikanyamaza. Akafuta kidole kwa kitambaa. Alikuwa akitabasamu kama bwana arusi.

Ilibaki kukusanya trekta. Wenzake walikuwa wamezoea vipande vyao: rejeta ilikuwa mlango wa banda la kuku, bomba la moshi lilitoa moshi wa jiko la mtu, na boneti ilikuwa paa la kibanda cha mbwa. Mburu alikwenda nyumba kwa nyumba, kofia mkononi. Wote walikubali, kwa sharti moja: kila mtu abaki mwenye kipande chake, na awepo kinapofanya kazi.

"Nitakuja nacho mwenyewe," alisema Mama Muthoni, amekumbatia kijiti cha gia, "na nitarudi nacho mwenyewe."

Waweru peke yake alikataa. "Trekta ilime kwangu kwanza, pamoja na zile ekari za kamati, ndipo mtaona pedali."

"Basi keti nazo," alisema Mburu.

Kipkorir aliposikia alishika kichwa. "Bwana Karani, bila klachi na breki utaisimamisha na nini?"

"Kwanza iende, Kipkorir. Haijaenda miaka miwili."

Asubuhi ya kulima, mwezi wa Machi, mvua ikiwa karibu, trekta ilisimama juu ya mteremko wa shamba la Mburu na plau ya kuazimwa kwa Kipkorir, iliyokuwa imeinuliwa na kufungwa kwa kamba. Watu kumi na saba wenye hisa ndani yake waliizunguka, kila mmoja mkono juu ya chuma chake. Mburu alikaa kwenye kiti. Njogu hakukubali mtu mwingine aushike usukani wake, kwa hiyo alikalia madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, na kuuzungusha kutoka ubavuni. Gia ya pili ikatiwa, wakasukuma, trekta ikateremka, injini ikashika, mtu akakata kamba na plau ikaingia ardhini. Udongo mwekundu ukapinduka kama ukurasa. Watu walipiga vigelegele.

Mama Muthoni alitembea kando yake hatua chache, akaona trekta inakwenda vizuri na kazi ya kijiti chake imekwisha. Akakichomoa, akakifuta kwa leso, akaenda nacho nyumbani.

Walipofika mwisho wa shamba Mburu alisema, "Kata kushoto, turudi."

"Kwetu ni kulia," alisema Njogu.

Akakata kulia.

Kigingi cha kwanza cha mpaka kilipinduliwa na plau bila mtu kukitazama, kwa maana mwenye gurudumu la kulia alikuwa akikimbia mbele, akipiga kelele, "Leteni na kwangu!" Nduguye, mwenye gurudumu la kushoto, akamwambia, maneno ya kwanza katika miaka mitatu, "Kwako kuna nini? Ipite kwangu kwanza!" Watu walibomoa nyua zao wenyewe ili trekta isikose njia. Njogu alizungusha usukani kumfuata aliyepiga kelele zaidi. Walilima kwa Njogu, wakalima kwa wale ndugu, wakalima njia ya kwenda mtoni na uwanja wa mpira. Trekta haikusimama hata kwa chakula cha mchana. Wanawake walikimbia kando yake wakimpa Mburu viazi mkononi.

Alasiri trekta iliingia kwenye ekari za kamati. Ndipo Waweru alipotoka mbio, pedali moja kila mkono na waya shingoni.

"Simameni! Breki hizi hapa!"

"Zifunge, Mwenyekiti!" Mburu alimjibu.

"Nizifunge vipi nawe unakwenda?"

"Nami nisimame vipi nawe unazo?"

Walikwenda hivyo, mmoja akilima na mwingine akikimbia, mpaka kwenye miti ya miwati, ambako dizeli iliisha na trekta ikasimama yenyewe. Kipkorir alikuwa amekaa juu ya kichuguu, ameacha hata kucheka.

Katika shamba zima hakikubaki kigingi. Mpima ardhi aliitwa tena, na kwa kuwa hapakuwa na mpaka wa kufuata, aliigawa ardhi upya, sawa kwa wote. Kamati ilipotaja habari za injini, mpima aliuliza injini ni ya nani. Wote wakajibu kwa pamoja kwamba trekta ni moja na ni ya kampuni, kwani kila mmoja alikuwa ameshaonja kulimiwa. Mburu aliandikiwa ekari nane. Safari hii hakuomba hata moja.

Ndipo maneno yalipoanza. Waweru husema kwamba ekari sita hazihitaji tangi lililojaa mpaka mdomoni. Kipkorir naye, akishaonja pombe, huinua kidole chake gumba na kubonyeza hewani, na watu hucheka.

Marehemu alikuwa mtu mwaminifu na mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili. Aliyemshikia faneli asubuhi ile ya kulima, dizeli ilipomiminwa, ni mkewe. Kuhusu kidole, mkewe hana la kusema, na anayetaka kuuliza asije kwake.