Mlio wa Kitanda cha Kumi na Moja

Nakumbuka mchana mmoja wa upepo, mwanangu, upepo wetu huu wa Singida unaotia mchanga mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimekaa mezani wodini, nikasikia mtu anaomba msaada, na nikafurahi kwamba hakuna aliyeinuka. Ngoja, usinikatize. Nitakueleza.

Umekuja kunieleza kwamba umefanywa inchaji, msimamizi wa wodi, na mwezi haujaisha wauguzi wako watatu hawakusalimii. Nimecheka kidogo, unisamehe. Mkubwa ni jalala, kila mtu atakutupia ya kwake. Ninyi angalau ratiba mnatumiana kwenye simu. Mimi niliiandika kwa penseli, na raba ikaisha kabla ya penseli, maana huyu ana mtoto mgonjwa, yule ana msiba Mitundu, mwingine alizeti yake imekauka shambani inamsubiri.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na wodi ya wanawake yenye vitanda kumi na viwili katika hospitali moja humu mkoani. Kitanda cha kumi na moja, kile cha kona, alilala bibi mmoja wa Kintinku ambaye ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti. Akitaka kitu aligonga chuma cha kitanda kwa kikombe chake cha bati. Mara tatu, ananyamaza, mara tatu tena. Alifariki saa nane mchana, wakati wa kukabidhiana zamu, sisi tumejazana mezani tunabishana nani hakujaza kitabu cha dawa. Labda aligonga. Hakuna aliyesikia. Watoto wake walimchukua pamoja na vitu vyake vyote, kikombe kikiwemo.

Siku ya nne mlio ukaanza. Niliusikia mwenyewe, na sina sababu ya kukudanganya katika umri huu. Saa nane, jua kali, wageni wameshatoka, kitanda kimetandikwa shuka safi na hakina mtu. Mara tatu, kimya, mara tatu. Ukiusogelea, unakoma. Nikasema ni upepo unachezea dirisha, nikamwita fundi akalipigilia misumari. Kesho yake saa nane ukagonga vilevile.

Hapo kazi ikaharibika. Hakuna aliyetaka kupangwa upande ule. Wakienda, wanakwenda wawili wawili, huku wagonjwa wengine dripu zinawaishia. Rehema, mdogo kuliko wote, aliacha trei ya sindano katikati ya wodi akaenda kutazama, akarudi analia. Lisemwalo lipo, walinong'ona, kama halipo laja. Mimi nikaona wananidharau kwa sababu ya ujana wangu. Nikaandika karatasi, nikaibandika ukutani: atakayeacha kazi yake kufuata mlio wa kona ataandikiwa barua ya onyo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa kwa kalamu, nikatia na sahihi.

Basi wodi ikatulia. Mlio ukija, kila mtu anainamisha kichwa na kuendelea na kazi. Nilijiona bingwa wa uongozi.

Wiki ya tatu vitanda vilijaa, ikabaki kona tu. Akaletwa mama mmoja wa Kinyangiri aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi la shingo asubuhi ileile. Mtoto wake mchanga alikuwa nje kwenye baraza, amebebwa na mama mkwe. Nikamlaza hapo, nikapima presha, nikarudi kwenye ratiba yangu.

Saa nane chuma kikagongwa. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Rehema alikuwa anakunja pamba. Mikono yake ikasimama, akainuka nusu, akanitazama. Nikakohoa. Kukohoa tu, mwanangu. Akaketi. Nilijua kitanda kina mgonjwa, maana nilimlaza mimi. Ila masikio yangu yalishazoea kwamba mlio ule ni ubishi wa wafanyakazi, hayakusikia mgonjwa. Ukagonga tena, sasa mara mbili. Kisha mara moja, kwa mbali. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile nikafurahi kwamba amri yangu imeshika.

Aliyeingia ni Sista Monika, muuguzi mzee aliyebakiza miezi michache astaafu. Alikuwa ndiyo anafika kwa zamu ya mchana.

"Nani anagonga? Nimesikia toka koridoni."

Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua, akaenda kona moja kwa moja. Kisha tukasikia, "Njooni! Mwiteni daktari!"

Shingo ilikuwa imevimba, uso umebadilika rangi, macho wazi. Mkononi ameshika kijiko cha uji. Damu ilikuwa imejikusanya chini ya kidonda inabana njia ya hewa. Sista Monika alikata nyuzi kwa mkono wake mwenyewe, damu ikatoka, na pumzi ikarudi kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo nikichemsha chai. Daktari alifika mbio, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Akapona.

Sista Monika hakunigombeza mbele ya watu. Aliniita stoo, kwenye mashuka, akafunga mlango.

"Binti, hawa watoto walikuwa wanamwogopa mfu. Wewe umewafundisha wakuogope wewe zaidi. Sasa nani amebaki wa kumwogopea mgonjwa?"

Nililia pale, naye akaanza kuhesabu mashuka.

Siku ya tatu sauti ya yule mama ilirudi kidogo, nzito. Nilipompelekea dawa aliniuliza, "Sista, mlikuwa mnanisikia?"

Ningeweza kusema uongo, na ungekubalika. Nikamwambia, "Tulikusikia, mama." Akamweka mtoto titini, akageukia ukuta. Hakunishtaki popote. Natamani angenitukana.

Nikachana karatasi yangu mbele ya wote, nikaomba radhi, nikianza na Rehema. Tukakubaliana pamoja: mlio ukisikika, mmoja anakwenda, wengine wanabaki na wagonjwa, hata kitanda kikiwa kitupu. Nikaweka zamu ya kona kwenye ratiba, jina langu likiwemo. Mara ya kwanza alikwenda Rehema, yule mama ameshakwenda kwao. Alisimama mbele ya kitanda kisicho na mtu, akasema, "Abee, bibi, nimekuja," akanyoosha shuka, akarudi kufanya kazi.

Siku ya zamu yangu nilisogea, na mlio haukukoma. Nikaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa cha baridi katika jua lile, na kiligonga chini ya mkono wangu. Nikasema, "Bibi, tulikuwa tunabishana. Tusamehe." Tangu hapo mimi sijausikia. Rehema anasema yeye aliusikia tena mara moja, sikumbishia.

Sasa shika haya, mwanangu. Mfanyakazi akikuletea hofu, hata ya kitoto, usimnyamazishe. Nenda naye mkatazame wote. Barua za onyo zipo, na wavivu wapo, sikatai. Lakini usitoe amri ambayo itamfanya muuguzi autazame uso wako kabla ya kumtazama mgonjwa. Akishaanza kukutazama wewe kwanza, umeshampoteza mtu kitandani, hata kama bado hujui ni nani. Na hao watatu wasiokusalimu, kesho anza wewe kuwasalimu.

Mungu akutangulie wodini. Akupe watu watakaothubutu kukwambia umekosea, na moyo wa kuwashukuru. Wagonjwa wako warudi makwao kwa miguu yao. Haya, nenda, usichelewe zamu.