Siku Walipomlilia Nyemo

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na samli bado hunirudisha kwenye kiangazi kile cha utawala wa Wadachi, reli ilipokuwa ngeni Dodoma na upepo ukileta vumbi jekundu mpaka ndani ya tembe letu. Garimoshi lilikuwa limeshusha kundi la Wazungu waliozunguka na mchezo maarufu wa kwao, mchezo ambao watu hawasemi bali huimba tu, hata wanapoombana maji. Walipewa banda la mizigo la stesheni wauonyeshe humo. Dada yangu Nyemo alikuwa akiwachotea maji. Sanduku lao la mavazi lilikuwa limeachwa Morogoro, na mwimbaji wao mkuu, mwanamke mrefu aliyeigiza kijakazi wa mfalme, alimwomba dada kupitia kwa mkalimani amwazime kaniki na shanga za shingoni. Mama hakupenda. Shanga hizo alizitunga mwenyewe, nyeupe tupu na moja ya kijani katikati, na kuanzia Miyuji hadi Ipagala hapakuwa na mtu asiyejua ni za nani. Dada alicheka, akasema ni za kuazima tu, jioni zitarudi.

Mchezo ulianza jua likiwa bado kali. Wadachi walikaa kwenye viti, sisi tukasimama nje tukichungulia kupitia mlango mpana wa banda. Mwimbaji akatokea amevaa kaniki na shanga za dada, amejipaka masizi na samli usoni na mikononi, na uso ule haukuwa wa Kizungu wala wa kwetu. Ulikuwa kama uso unaouona ukiinamia kisima, unaokutazama kutoka chini. Akanyweshwa sumu. Akaimba huku akianguka, sauti ikizidi kuwa nyembamba mpaka tukabaki tunasikia upepo peke yake. Kifua chake hakikutikisika. Shangazi Mele, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni vizuri mbali, alishika kichwa akaanza kulia. Kwetu kilio hakiendi bila jina: anayesikia huuliza ni nani, na anayelia hujibu. Mwanamke mmoja nyuma yetu akauliza kama ilivyo desturi, na shangazi, macho kwenye zile shanga nyeupe, akasema, "Nyemo. Nyemo mtoto wa kaka yangu."

Wanawake wote wakakipokea kilio. Wadachi waligeuka wakatabasamu, nadhani waliona tunasifu. Kisha aliyekufa akainuka, akapangusa vumbi kwenye kaniki, akainama mbele ya watu mara kadhaa. Kilio kikakatika kama kamba. Katika kimya kile nilimwona dada kando ya banda, mtungi kichwani, ametulia kabisa, kama mtu anayesikiliza habari zisizomhusu.

Wenye miguu mepesi walikuwa wameshaondoka na habari. Asubuhi waombolezaji walifika kwetu na unga, wakamkuta marehemu anasaga mtama. Hakuna aliyecheka. Walikaa mbali naye, na maji aliyowapa hawakuyanywa. Kisimani vijana ndio waliothubutu: "Shikamoo, marehemu. Huko chini nako mnapanga foleni ya maji?" Lakini nyumbani kwa mchumba wake haukuwa mzaha. Walituma mtu kusema kwamba ng'ombe wao wa mahari hawawezi kwenda kwa mtu aliyekwisha kuliliwa.

Basi baba akaamua kwamba kilio kimalizwe. Ile kaniki, ambayo ilikuwa imerudi ikinuka masizi na samli, ilizikwa pamoja na shanga nyuma ya zizi. Sote tulinyolewa kama wafiwa. Dada alipewa jina la bibi yetu, Mbeleje, na ng'ombe wakaja kwa Mbeleje. Nikauliza ni nani basi aliyemo shimoni. Baba akaniambia ninyamaze. Siku chache kabla dada hajaolewa, nilisimama nyuma yake akiwa kwenye jiwe la kusagia, nikamwita kwa jina la zamani ili nione. Hakugeuka. "Unamwita nani?" aliuliza, akaendelea kusaga, huku akivumisha puani wimbo wa yule mwanamke, wimbo aliousikia mara moja tu, akaufikisha palepale ulipokuwa umekatikia, akaacha.

Leo nimesoma mpaka chuo kikuu ng'ambo, na nimekaa katika kumbi ambazo watu hufa jukwaani kila jioni. Najua sumu ni maji ya sukari, na najua jinsi wanavyojifunza kubana pumzi. Niliporudi nilimweleza dada yote hayo, kwa furaha ya mtu aliyefungua fundo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto wake mgongoni, kisha akaniuliza yule mwanamke mwenyewe aliitwa nani. Sikujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Basi aliondoka na langu," alisema.

Tangu hapo, waliokufa wanapoinuka kuinama na ukumbi mzima unapopiga makofi, mimi nisiyeamini lolote huiacha mikono yangu magotini. Nasikiliza kwanza kama kuna mtu atakayemwita Nyemo, na kama kuna atakayeitika.