Ghala la Kufuli Mbili

"Shoga, ukipita ghalani usimwamkie yule mzee," fundi cherehani alimnong'oneza jirani yake, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, pini zikiwa mdomoni. "Anaongea na watu walio ndani. Na ndani hamna mtu!"

Mama kijana alicheka, lakini mkono ulikwenda wenyewe kukaza mbeleko ya mtoto. Kwenda kisimani hakukuwa na njia nyingine.

Ghala lile lilikuwa na kufuli mbili: ufunguo mmoja wa huku, wa pili wa ng'ambo ya mpaka. Wakulima wa nchi mbili waliweka mbegu zao pamoja, wakapatana kwamba hakuna atakayefungua peke yake. Kisha wakubwa wakagombana kuhusu vibali vya mazao, mpaka huo ukafungwa, na mwenye ufunguo wa pili hakuonekana tena.

Jua lilikuwa utosini, hata jani halitikisiki. Mama kijana alimkuta yule mzee, msimamizi wa ghala, amebandika shavu kwenye mlango wa bati.

"Vumilieni," alikuwa akisema. "Mwenzangu yuaja."

Mtoto, aliyekuwa akilia tangu nyumbani, alinyamaza ghafla, macho yamekodolea mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo usikie."

Aliweka sikio. Nywele zikamsimama. Ndani mlikuwa na mnong'ono, kama umati unaoteta jambo la siri. Mzee aligonga bati, ukakoma wote. Kisha ukaanza tena, taratibu, karibu kabisa na sikio lake.

"Ni nani hao?"

"Fukusi. Wanatafuna mbegu. Mvua zikianza, tutapanda vumbi."

"Si uvunje, baba?"

"Nikivunja peke yangu, wa kule watasema tumewaibia. Hata mpaka ukifunguliwa, nani ataweka tena gunia lake kando ya langu?"

"Na unaongea na fukusi?"

"Na mbegu! Nyie si mnanikimbia?" Alitabasamu, kisha tabasamu likafa. "Ila tangu juzi, humo ndani naisikia sauti ya mwenzangu. Ananiita kwa jina."

Mama aliondoa sikio mlangoni. Mzee alimtazama mtoto.

"Kesho si unampeleka kliniki ng'ambo? Wenye wachanga wanaachiwa kuvuka. Nifikie nyumbani kwa mwenzangu, mwanangu. Akiwa hai, mpelekee habari hii. Akiwa hayupo, mwombe mkewe ufunguo, kwa hiari yake. Halafu uje usimame hapa, mahali pa mumewe, tufungue pamoja."