Muhogo Aliouacha Kashi

Saa moja asubuhi, giza la Novemba bado limeikalia Stratford Road, na Sunita Raval tayari anamenya muhogo. Anakata ncha, anapasua ganda kwa kisu kidogo, analivuta, linatoka zima. Nyuma yake mafuta yanachemka. Nje watu wanapita wameinamisha vichwa. Baridi ya Birmingham mwezi huu si ya mchezo.

Muhogo wa kwanza unapoiva, haonji. Anaita.

"Sahra! Kuja uonje chumvi."

Sahra Elmi, mwenye duka, Msomali aliyelelewa Eastleigh, Nairobi, anatoka kwenye jiko la nyama huko nyuma, ambako Sunita hakanyagi kwa sababu ya dini yake. Anachukua kipande, anakipuliza, anatafuna.

"Haina chumvi, mama. Leo tena."

"Basi tia wewe. Mkono wangu mimi umekufa."

Kupika kitu usichoweza kukitia mdomoni ni mtihani, tusidanganyane. Sunita, mwenye umri wa miaka 61, anaufanya mtihani huo siku sita kwa wiki, kwa pauni nane na peni chache kwa saa. Ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Muhogo ameula tangu hajaota meno: wa kuchemsha, wa kukaanga, wa pilipili na ndimu. Leo hagusi hata punje, na aliyemkataza ni yeye mwenyewe.

Mumewe, Harshad, aliendesha basi la abiria mjini hapa kwa miaka mingi. Mwaka 2017 alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Kigujarati kikamtoka, Kiingereza kikamtoka. Yakabaki maneno matatu, yote ya Kisumu: maji, njoo, basi.

"Nilikuwa nalia nikiyasikia, kwa furaha," anasema Sunita. "Nilijiambia, kama yamebaki matatu, mengine yako karibu. Nikasema nitakwenda Kashi kuyaomba."

Kashi ni jiji la kale la India kando ya mto Ganga, ambalo ramani huliita Varanasi. Wahindu wengi wanaokwenda kuhiji huko huacha kitu kimoja wanachopenda kula. Hukitaja mbele ya kuhani, na tangu siku hiyo hawakili tena mpaka kufa.

Alikwenda Februari 2018 na wifi yake, Hansa, dada wa Harshad. Binti yake, Komal, akabaki na baba yake.

"Watu! Wewe hujaona watu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso unamkunjuka. "Vichochoro hivi, vyembamba. Ng'ombe anakuja huku, maiti inapitishwa huku, na wewe uko miguu mitupu kwenye foleni na maziwa yako ya kumwagia Mungu. Kufika ndani ya hekalu la Vishwanath, askari ananisukuma, songa, songa! Nikawahi kusema, Baba, mrudishie Harshad mdomo wake. Hilo tu. Sikuomba gari mimi."

Waliingia mahekalu mengine mpaka miguu ikavimba, wakaoga mtoni meno yakigongana. Kisha, kwenye ngazi za mto, wakampata kuhani aliyejua Kigujarati. Hansa akashika simu, akawa anapiga picha za video. Kuhani akamuuliza Sunita anaacha nini.

"Nikamwambia, mogo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wahindi wa Kenya na Uganda wameishi na Kiswahili mpaka kimehamia ndani ya Kigujarati chao. Fagio wanaliita fagio, sufuria ni sufuria, na muhogo ni mogo, na wengi hukua wakidhani hayo ni maneno ya babu zao. Kuhani wa Kashi hakuwahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Alichosikia ni "mag", yaani choroko, zile ambazo Wakenya huziita ndengu. Akaitaja mag mbele ya Mungu kwa sauti, akamwaga maji, kazi ikaisha. Kelele zilikuwa nyingi. Sunita alikuwa amefumba macho.

Akarudi Birmingham, akaacha muhogo. Na kila jioni akampikia mumewe wali wa kupondwa na ndengu, chakula pekee kilichopita vizuri kooni. Kila kijiko anakionja kwanza mwenyewe kupima joto, ndipo anamlisha. Mumewe akibakiza, anamalizia yeye.

Mwezi wa pili baada ya safari, Harshad alipigwa tena. Yale maneno matatu nayo yakaenda. Hajatamka kitu mpaka leo.

Sunita hakujua kitu mpaka sikukuu ya Diwali ya mwaka huu, Hansa alipoiweka ile video kwenye televisheni, familia yote imekaa inakula. Sauti ya kuhani ikasikika wazi kabisa. Mag.

"Nilimwambia Hansa arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Watu wanacheka, ati Mama ameganda. Mimi nahesabu visahani vya ndengu, bwana. Kila jioni! Kila jioni nimekula kiapo changu, tena na kijiko cha mume wangu."

Daktari amemweleza kwamba kiharusi cha pili huwapata wengi na ndengu hazihusiki. Komal, aliyezaliwa hapa, anasikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza. Alimjibu mama yake kwamba hizo ni ndengu tu. Hawakusemezana wiki nzima. Mwishowe Hansa akaitafuta namba ya yule kuhani, wakampigia. Mzee wa watu akacheka kwa upole. Akasema Mungu husikia moyo, hasikii ulimi, mama alale salama.

Hakulala.

Nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka dukani, Harshad ameketi dirishani, shuka magotini. Sunita bado anampikia zile ndengu, maana chakula kingine anakitema. Ila sasa joto analipima kwa kifundo cha mkono, kijiko hakigusi mdomo wake. Muhogo hali, ndengu hali. Amekonda, nguo zinamning'inia. Sahra humfungia mkate na kumsimamia mpaka amalize.

Mpango wake ni mmoja: kurudi Kashi, kusimama mbele ya kuhani, kutaja vyote viwili, kuomba radhi. Lini? Komal amekataa kubaki na baba yake kwa safari ya namna hiyo, na Hansa sasa anatembea kwa fimbo. Tarehe hana.

Mwandishi anamuuliza, na pengine asingeuliza, kwa nini hapokei maneno ya kuhani. Si amesema Mungu alisikia moyo?

Sunita anaweka bakuli chini. Anampangusa mumewe kidevu, taratibu, mpaka kikauke.

"Kila mtu ananiambia hivyo, wanadhani wananifariji. Niacheni na kosa langu, jamani. Kosa nitakwenda kulirekebisha, hata kwa magoti. Lakini kama Mungu alisikia vizuri nilichosema, basi alisikia, akakataa. Hapo sasa nitakwenda wapi?"